Somo: Nota za mashindano ya kutambua visukuku

Wadogo zangu wa sekondari na wa mwaka wa kwanza wa jiolojia hapa Lubumbashi, mmeniuliza mara nyingi namna ya kutayarisha nota za mashindano ya kutambua visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa kwenye mawe. Mpango wenyewe mnaujua: meza zimepangwa, kila meza ina jiwe au picha na maswali mawili matatu. Baada ya dakika chache kengele inalia, mnahamia meza nyingine. Unaruhusiwa kuingia na fardi moja, yaani jalada la kupangia karatasi za nota.

Mwaka wangu wa kwanza niliingia na kurasa zaidi ya mia moja, nimezichapisha kutoka intaneti na kuzipanga kwa alfabeti. Meza ya kwanza nikakuta gamba la mviringo, swali: "Huyu ni nani?" Sasa ningelitafuta kwenye herufi gani, na jina ndilo nililoulizwa? Kengele ililia nikiwa bado napekua. Tangu siku hiyo nawaambia wote: panga nota kwa kile ambacho jicho linakiona kwanza.

Hatua ya 1: Gawa fardi kwa maumbo

Fungu moja la vilivyojisokota, moja la magamba mawili, moja la vyenye pingili, moja la nyota ya pembe tano. Halafu vilivyochongoka kama risasi, majani na mbao, meno na mifupa, vya tabaka tabaka, na mwisho nyayo na mashimo. Bandika kikaratasi cha rangi kwenye ukingo wa kila fungu ili kidole kifike pale bila kutafuta.

Hatua ya 2: Kiumbe kimoja, ukurasa mmoja

Kushoto chora wewe mwenyewe kwa penseli. Picha ya kuchapisha haikufundishi kitu, maana mkono haukuhangaika nayo. Ukimchora trilobiti, mnyama wa bahari wa kale mwenye pingili, mara tatu, hutasahau kwamba mgongo wake una mifereji miwili inayotoka kichwani hadi mkiani na kuugawa sehemu tatu, na jina lake limetoka hapo.

Kulia andika kundi, jenasi (jina la Kilatini, lipigie mstari chini), kipindi, mahali alipoishi, na alama tatu tu za kumtambua. Chini kabisa, kwa biki nyekundu: "Usimchanganye na..." Mstari huo ndio unaoleta pointi, na hapo ndipo ninataka mkae zaidi.

Hatua ya 3: Wanaofanana, wawekeni uso kwa uso

Brakiopodi na kome wamewaangusha wengi. Wote wana magamba mawili na bawaba. Shika gamba, bawaba iwe juu, kisha piga mstari kwa macho kutoka bawabani hadi ukingoni. Nusu ya kushoto na ya kulia zikilingana kama mabawa ya kipepeo, huyo ni brakiopodi. Gamba likiwa limeinamia upande mmoja, mtazame kama kome. Unganisha viganja vyako kama mtu anayesali. Kiganja kimoja hakina nusu mbili zinazolingana, kidole gumba kiko upande mmoja. Lakini viganja viwili ni pacha. Kome yuko hivyo. Brakiopodi, magamba yake mawili hayalingani: mara nyingi moja ni kubwa kuliko lenzake, na wengi wana kitundu karibu na bawaba ambamo kikonyo cha kujishikiza kilipita. Tahadhari kwa chaza: ni ndugu wa kome, lakini magamba yake si pacha.

Amoniti na nautilo, wanyama wa bahari wenye gamba lililojisokota, tazama mshono, yaani mstari ambapo kuta za vyumba vya ndani zinagusana na gamba. Wa nautilo umepinda kwa upole. Wa amoniti wa Jurasi na Kreta (vipindi vya wakati wa dinosau) umekatikakatika kama lesi ya pindo la pazia. Gamba la nje likiwa bado zima hutauona, basi tafuta mrija unaounganisha vyumba: wa nautilo unapita katikati ya vyumba, wa amoniti kwa kawaida unapita ukingoni upande wa nje.

Hatua ya 4: Utepe wa wakati

Gundisha karatasi hadi upate utepe wa sentimita 54. Milimita moja ni miaka milioni moja. Mwisho mmoja ni leo, mwingine ni mwanzo wa kipindi cha Kambria. Weka alama kwenye milimita 252, trilobiti wa mwisho walipotoweka, na kwenye 66, amoniti na dinosau walipokwisha (ndege ndio waliobaki). Binadamu wa aina yetu, miaka kama 300,000, ni unene wa mstari wa biki. Ukunje utepe, ubandike ndani ya jalada la nyuma.

Hatua ya 5: Jipimeni wawili wawili, kwa saa ya simu. Ukurasa uliokuchelewesha, uchore upya.

MASWALI YENU

Mwanafunzi, Kamalondo: Yaya, trilobiti wanapatikana kwenye mawe ya hapa kwetu?

Jibu: Kwenye mawe yetu ya shaba, hapana. Yana zaidi ya miaka milioni 700, na wanyama wenye magamba walikuwa hawajatokea. Lakini tuna stromatoliti! Ule mwamba ambao wachimbaji wa Kambove na Fungurume wanauita RSC (kifupi cha Kifaransa, Roches Siliceuses Cellulaires) una tabaka zilizojengwa na vijidudu vya baharini, zimevimba kuelekea juu kama mikate iliyopangwa. Stromatoliti hawa ni wa kale mno, kwenye utepe wako hawaingii. Ongeza kipande cha karatasi. Na usiende machimboni bila ruhusa, kuta zinaporomoka.

Mama mwalimu, Likasi: Watoto waandike kwa lugha gani?

Jibu: Mama, maelezo waandike kwa Kiswahili ili wayaelewe, na jina la kundi waliandike pia kwa Kifaransa, kwa sababu karatasi ya maswali ni ya Kifaransa. Jenasi haibadiliki popote.

Mwanafunzi, Kalemie: Mjomba ana jiwe kutoka kwenye makaa ya mawe ya Lukuga, lina jani kama ulimi.

Jibu: Mdogo wangu, tazama kama lina mshipa mkubwa katikati na mishipa midogo iliyosukana kama wavu. Ukiviona vyote viwili, fikiria Glossopteris, mmea wa kipindi cha Permi. Majani yake yamepatikana India, Australia, Amerika Kusini na hata Antaktika, ushahidi kwamba nchi hizo zilikuwa bara moja na Afrika. Msilipake mafuta wala kulisugua.

Mwanafunzi, Katuba: Nimeokota jiwe lenye mmea mweusi mzuri sana, kama jani la kangaga. Niliweke kwenye fungu la majani?

Jibu: Tafuta mshipa wa katikati. Kama hakuna, na matawi yametambaa ovyo kwenye ufa wa jiwe, hiyo ni madini ya manganizi yaliyoletwa na maji, hayakuwahi kuishi. Usilitupe. Lichore upande wa pili wa ukurasa wa kangaga, kwa biki nyekundu, maana waamuzi hupenda sana kuliweka mezani.