Kuifufua ZX Spectrum na kuiongezea memori, kwa aliyeko Tanga

ZX Spectrum ni kompyuta ndogo ya nyumbani iliyotoka Uingereza mwaka 1982, ikiwa na memori ya kilobaiti 16 au 48, prosesa ya Z80A na vitufe vya mpira. Ukiipata, usiichomeke hapohapo uone kama inawaka. Nyingi hazifi kwa uzee. Zinakufa siku zilipofufuliwa, kwa adapta isiyo yake.

Andaa multimita, pasi ya kulehemu inayorekebishwa joto, risasi ya 60/40, kinyonyea risasi, bisibisi ya nyota, mswaki laini na spiriti ya kusafishia bodi, ile wanayotumia mafundi simu. Thina weka mbali, inayeyusha plastiki ya kasha.

Adapta

Mashine inataka volti 9 za DC, ampea 1.4, na hasi iwe katikati ya plagi. Rudia hilo la hasi. Adapta karibu zote za ruta na ving'amuzi zinazouzwa madukani zina chanya katikati, na plagi inaingia vizuri kabisa. Bodi haina kinga ya umeme uliogeuzwa, kwa hiyo kosa la sekunde moja linatosha kuua transista ya TR4.

Adapta ya asili iache ikae kabatini. Ni transfoma isiyodhibiti volti: isipobebeshwa mzigo hupanda kupita 12, na umeme wa kwetu ukipanda jioni nayo inapanda nao. Nunua ya kisasa ya volti 9, ampea 2, kata waya, geuza nyaya mbili, lehemu, funika kila moja kwa mpira wake. Kisha pima kwenye plagi: waya mwekundu wa multimita ndani, mweusi nje, na lazima usome −9. Ukisoma 9 bila alama ya kutoa, hujageuza. Usitumie ya volti 12 ukidhani ziada haina neno. Kila volti ya ziada inageuka joto kwenye 7805, regyuleta inayoshusha umeme hadi volti 5.

Kufungua

Skrubu tano chini. Inua kifuniko taratibu, kimeshikwa na mikia miwili ya plastiki ya kibodi, nayo kwa umri huu hukatika kama jani kavu. Ikikatika, usihangaike na gundi wala rangi ya kupitisha umeme. Agiza mpya, bado zinatengenezwa.

Mashine iliyokaa karibu na bahari, iwe Raskazone au Chumbageni, itazame kwa jicho kali ukingo wa nyuma wa bodi pale vinapochomekwa vifaa, na soketi ya ULA, chipu kubwa inayotengeneza picha. Chumvi inakula hapo. Ukiona ukijani, sugua kwa spiriti na mswaki. ULA ing'oe kwa kuinua upande huu kidogo, upande ule kidogo, futa miguu, irudishe.

Umeme wa memori

Hatua hii ndiyo inayokula siku nzima, na ndiyo inayorukwa.

Chipu nane za memori ya chini, IC6 hadi IC13, ni za aina ya 4116, na zinataka umeme wa aina tatu: +5, +12 na −5. Ile +5 inatoka kwenye 7805. Zile mbili nyingine zinazalishwa na koili ndogo pamoja na transista TR4 na TR5. Sasa, 4116 ikipata +12 huku −5 haipo, inaungua. Haipigi kelele wala haitoi moshi, inajifia tu, na ikifa mara nyingi huvuta TR4 nayo. Fundi anabadilisha TR4 peke yake, anawasha, inaungua tena, anatia ya tatu. Transista haina kosa hapo.

Kwa hiyo anza adapta ikiwa imechomolewa. Weka multimita kwenye omu, pima kati ya mguu wa 8 wa chipu yoyote ya 4116 na mguu wa 16, ambao ni ardhi. Kisha mguu wa 1 na 16. Ukisoma omu chache tu, kuna chipu iliyoshoti. Usiwashe hadi uipate. Kwa kuwa zote nane zimeungwa pamoja, kipimo hakikuambii ni ipi. Itabidi uinue mguu wa 8 wa kila moja kwa zamu mpaka shoti ipotee. Kazi ya kuchosha, lakini hakuna ya mkato ninayoiamini. Unapotoa chipu iliyokufa kata miguu kwanza kwa koleo ndogo, kisha toa mguu mmoja mmoja. Ukilazimisha kuing'oa nzima utang'oa na njia za shaba. Weka soketi mahali pake.

Shoti isipokuwepo, washa kwa sekunde tano, pima, zima. Mguu wa 9 usome karibu na +5, mguu wa 8 karibu na +12, mguu wa 1 karibu na −5. Ukikuta mguu wa 8 una volti 8 au 9 na mguu wa 1 una sifuri, saketi ya koili haifanyi kazi: TR4 imekufa. Iliyo asili ni ZTX650, na ZTX651 inaingia palepale. Fundi redio wa Ngamiani anaweza kukupa transista nyingine ya aina ya NPN kutoka kwenye kopo lake, na huenda ikafaa, ila mpangilio wa miguu mara nyingi si uleule. Angalia karatasi yake ya vipimo kabla ya kulehemu. Badilisha TR5 wakati huohuo, na kagua koili: waya wake ni mwembamba, ukikwaruzwa varnishi mizunguko inagusana.

Kinachoua TR4 mara nyingi zaidi ni kuchomeka au kuchomoa kifaa cha nyuma mashine ikiwa inawaka. Hapo hapana msamaha.

Umeme wote ukiwa sawa, badilisha kapasita zote za elektroliti, zile za kopo zenye upande wa hasi. Soma thamani kwenye kila moja, piga picha ya upande wa hasi kabla ya kutoa.

Picha

Runinga ya sasa ikishika mawimbi ya chaneli 36 itakupa picha yenye chengachenga. Fanya AV. Kwenye kisanduku cha bati cha modyuleta, kinachogeuza picha kuwa mawimbi ya antena, huingia nyaya mbili, moja ya volti 5 na moja ya picha. Zikate zote. Ya volti 5 ifunike kwa mpira isiguse chochote. Ndani ya bati, kata kile kinachoungana na ncha ya kati ya soketi ya antena, kisha unganisha ile ya picha na ncha hiyo moja kwa moja. Tumia waya wa kawaida wa AV kwenye tundu la manjano. Ikiwa sawa utaona skrini nyeupe na chini yake © 1982 Sinclair Research Ltd.

Kutoka 16 kwenda 48

Kwenye bodi za Issue 2 na 3, yaani matoleo ya pili na ya tatu, nafasi zipo wazi. Chipu za memori nane huingia IC15 hadi IC22. Za asili zilikuwa 4532, ambazo ni 4164 zenye nusu mbovu. Tia 4164 nzima, ni rahisi kupatikana. Kisha 74LS32 kwenye IC23, 74LS00 kwenye IC24, na 74LS157 mbili kwenye IC25 na IC26. Zote juu ya soketi. Kuna kiungo cha waya cha kuchagua nusu ya chipu: kwa 4164 nusu yoyote inafaa, ila kiungo kiwe kimoja tu.

Hakikisha kwa kuandika PRINT PEEK 23732+256*PEEK 23733. Jibu 65535 ni kilobaiti 48. Ukipata 32767, memori mpya haionekani.

Kupakia programu kwa simu

Kaseti za zamani zimeota ukungu wa masika, ziache. Geuza faili ya TAP, yaani nakala ya kaseti, iwe faili ya sauti ya WAV, usitumie MP3. Waya uwe na upande mmoja tu wa sauti, ncha ya mbele na ardhi, uingie tundu la EAR la mashine. Sauti juu kabisa, ekolaiza zima, simu iwe kwenye hali ya ndege, maana mlio wa meseji mmoja unaharibu upakiaji wote. Bonyeza J, kisha Symbol Shift na P mara mbili, Enter, halafu cheza. Pembeni mwa skrini itapita mistari minene ya nyekundu na samawati, kisha myembamba ya bluu na njano. Ikitokea R Tape loading error baada ya mistari kuonekana, punguza sauti kidogo kidogo. Mistari isipotokea kabisa, tatizo ni waya.