Namba sita wawili: jinsi ya kuwapanga wasigongane

Wengi hudhani viungo wakabaji wawili, yaani namba sita wawili, ni silaha ya timu inayoogopa. Faida yao kubwa ni kwamba mabeki wa pembeni wanapata ruhusa ya kupanda. Brazil ya Kombe la Dunia 1994 iliwasimamisha Dunga na Mauro Silva, Jorginho akawa anapanda kulia bila wasiwasi, na kombe wakalibeba wakiwa wamefungwa mabao 3 katika mechi 7.

Usichague wawili wanaofanana. Mmoja awe mkata umeme, yaani wa kuvunja mashambulizi, mwingine awe na jicho la pasi. Hispania ya Kombe la Dunia 2010 ndivyo ilivyokuwa: Busquets anabaki, Xabi Alonso anafungua uwanja kwa pasi ndefu. Walifungwa mabao 2 tu, na mechi zao zote 4 za mtoano ziliisha 1-0.

Kinachoharibu mara nyingi ni umbali. Waachane mita 10 hadi 12, na wasisimame mstari mmoja: mmoja awe mbele mita 4 au 5. Wakilingana, pasi moja ya kupenyeza inawaua wote wawili na mabeki wa kati wanabaki uchi.

Beki wa kulia akipanda, sita wa kulia anasogea kuziba nyuma yake, mwenzake anaingia katikati, usawa wa mabeki wa kati. Wakikimbilia pembeni wote, krosi ya chini inayorudishwa nyuma itamkuta mpinzani peke yake kwenye mstari wa boksi. Mabao ya aina hiyo ni mengi mno, na lawama huangukia kipa.

Mpira wa juu: mmoja anaruka, mwingine anasubiri mpira wa pili, ule unaodondoka baada ya kugombewa hewani, mita 5 hadi 8 nyuma yake.

Mkiwa na mpira na wapinzani wanabana kwa washambuliaji wawili, sita mmoja ashuke kati ya mabeki wa kati, mpate watu watatu dhidi ya wawili. Asishuke wa pili, la sivyo namba kumi, kiungo mshambuliaji, anatengwa na timu inaanza kubutua.

Mazoezini, weka eneo la mita 20 kwa 15. Washambuliaji watatu wanatafuta pasi ya kupita kati ya sita wawili, kumfikia mtu aliye nyuma yao. Dakika 4 za kazi, 2 za kupumzika, mara tano. Anayetoka kukaba apige kelele "natoka!", na mwenzake ajibu "nabaki!" Wakinyamaza, simamisha zoezi.

Mpinzani akijifungia nyuma na kuacha mshambuliaji mmoja tu mbele, mpandishe sita mmoja acheze namba nane, kiungo wa kati anayepanda kushambulia.