Namna ya kukusanya vitu vya utotoni ukiishi pwani

Ukitaka kukusanya vitu vya utoto wako, anza na ulichowahi kukishika mwenyewe. Mimi nimekulia Ngamiani, Tanga, miaka ya 1990. Televisheni Bara ilianza 1994, na mtaani kwetu iliendelea kuwa kitu cha kwenda kutazama kwa jirani kwa muda mrefu baada ya hapo. Burudani ya nyumbani ilikuwa redio kaseti, jarida la katuni la Sani lililopita mikono mingi kabla ya kukufikia, Brick Game (kile kimchezo cha mkononi cha betri, cha kupanga matofali) ya kuazimana kwa zamu, na wanasesere tuliowashona kwa vipande vya kanga. Hivyo ndivyo vitu ninavyokusanya. Midoli ya Marekani ambayo sikuwahi kuiona nawaachia waliocheza nayo, hata ikiuzwa ghali namna gani.

Wakusanyaji wa nje hupenda kitu ambacho boksi lake halijafunguliwa. Kwetu nani alikuwa na boksi lisilofunguliwa? Kitu kilichezewa mpaka kikachoka, na uchakavu huo ndio unaonieleza kilipita kwa nani. Kaseti iliyoandikwa kwa kalamu ya wino "Mali ya Mama Asha, ukiazima rudisha" naipenda kuliko mwenzake aliye safi. Basi ukipata kitu chenye jina, mchoro wa mtoto au kiraka, usisugue kitu. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, uishie hapo mpaka ujue una nini mkononi.

Msako uanzie nyumbani: uvunguni, juu ya kabati, kwenye masanduku ya bibi. Omba ruhusa, kaa chini, sikiliza. Shangazi akikwambia kaseti hii ilichezwa kwenye harusi ya fulani, amekupa nusu ya thamani yake. Ukitoka nyumbani nenda kwa mafundi redio, hasa wazee. Wana maboksi ya vitu ambavyo wateja walileta na hawakurudi kuvichukua. Mimi huingia kwa adabu: "Shikamoo fundi. Samahani, kuna kaseti au redio zilizoachwa ambazo huna kazi nazo?" Mara nyingi jibu ni, "Marahaba mwanangu, pekua hapo chini ya meza." Pekua taratibu, na ulipe bei ya haki. Fundi uliyemlipa vizuri atakuwekea kitu kingine kikitokea. Baada ya hapo ndipo masoko: Mgandini kwa sisi wa Tanga, Mchikichini ukiwa Dar es Salaam, Gikomba ukiwa Nairobi. Usiwasahau wanunuzi wa vyuma chakavu. Kwao redio nzima hupimwa kwa kilo.

Kujua kitu ni cha mwaka gani ni kazi ninayoipenda kupita zote. Kava za kaseti na matangazo ya majarida mengi hayana tarehe, lakini yana anwani. Kukiwa na S.L.P. na simu ya mezani tu, yaelekea ni kabla simu za mkononi hazijaenea. Ukiona namba inayoanza na 0744, hiyo ni ya Vodacom, na Vodacom ilianza huduma Tanzania mwaka 2000, kwa hiyo usikubali mtu akuambie kava hilo ni la 1995. Baadaye 0744 ikawa 0754, na 0741 ya Mobitel ikawa 0713. Tangazo lenye jina la Celtel haliwezi kuwa la baada ya 2008, kwani mwaka huo jina lilibadilika kuwa Zain, na 2010 likawa Airtel. Soma kila herufi ndogo iliyoko chini ya picha.

Sasa kaseti, ambazo ndizo nyingi kwangu: taarabu za Tanga, za kundi la Black Star na la Lucky Star, ambazo wazazi wetu walizipiga mpaka mkanda ukakwaruza, kisha zile za ushindani wa vikundi vya TOT na Muungano, tulizozikariri watoto wa mtaa mzima bila kujua nani anasemwa. Kabla ya kununua, inua kaseti uitazame mwangani kupitia kidirisha. Mkanda mzima hung'aa kahawia kwa usawa. Ukiona utando mweupe pembeni mwa mzunguko, huo ni ukungu, na ukiichezesha utaupeleka kwenye hedi ya redio, yaani kile kichuma kinachosoma mkanda, na kwenye kaseti zako nyingine. Itenge. Halafu tazama katikati ya mdomo wa kaseti: pana kipande kidogo cha sponji au kitambaa kinachosukuma mkanda uguse hedi. Kikidondoka, sauti hufifia, na watu wengi hutupa kaseti wakidhani imekufa. Toa kingine kwenye kaseti tupu ya bei rahisi, ukihamishie kwenye yako.

Kaseti iliyofungwa kwa skrubu tano hufunguka na kurekebishika nyumbani. Iliyogundishwa inabidi uivunje kwa uangalifu na kuhamishia mkanda kwenye ganda jingine, kazi ya kufanya mchana, meza ikiwa tupu na feni ikiwa imezimwa. Kaseti iliyolala miaka, izungushe kwanza kwa kalamu ya Bic, kisha ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe yote kabla ya kusikiliza, ili tabaka za mkanda zilizogandana ziachiane. Safisha hedi kwa pamba yenye spiriti. Na hili ni la lazima: vunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni, visipokuwepo hakuna atakayerekodi juu yake kwa bahati mbaya. Ukikuta vimeshavunjika na tundu limezibwa kwa selotepu, ujue kuna mtu alirekodi upya. Sikiliza mpaka mwisho, kwa sababu wimbo wa zamani huwa umebaki pale kipya kilipoishia. Ya dakika 60 hudumu kuliko ya 90, mkanda wake ni mnene zaidi. Zipange zikiwa zimesimama, mbali na spika, maana spika ina sumaku.

Majarida ndiyo yanayoteswa zaidi na hewa yetu ya chumvi. Nakala za Sani zenye wahusika Madenge na Ndumilakuwili nazihifadhi zikiwa zimelala kwenye boksi, juu ya rafu, mbali na ukuta wa nje unaopitisha unyevu. Pini zikishika kutu hula karatasi, hivyo nazitoa na kushona kwa uzi wa pamba kupitia matundu yale yale. Selotepu kwenye ukurasa uliochanika ni adui, gundi yake huacha doa la kahawia lisilotoka. Ukileta jarida lenye wadudu, lifunge vizuri kwenye mfuko wa plastiki, liweke kwenye friza wiki mbili, na ukilitoa usilifungue mpaka lirudie joto la chumba.

Brick Game haina mambo mengi. Fungua kifuniko cha betri. Kutu nyeupe au kijani kwenye vyuma hutoka kwa pamba yenye siki kidogo, kisha spiriti, kisha ikauke kabisa. Kioo kikipoteza mistari, bonyeza ukingo wake taratibu. Mistari ikirudi, tatizo ni mguso wa ndani, na fundi simu yeyote makini atalimaliza. Usiihifadhi na betri ndani.

Wanasesere wa plastiki laini wakianza kunata, waogeshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uwakaushe kivulini, na usiwafungie kwenye mfuko usiopitisha hewa wala kuwagusisha na plastiki ngumu, wataiyeyusha. Wa kitambaa na magari ya waya yenye matairi ya ndala ndivyo vitu adimu kuliko vyote, kwa sababu hakuna aliyeviona kuwa mali. Watu wanavichoma na takataka hadi leo! Ukikutana navyo, chukua. Waya upake mafuta ya cherehani kidogo sana kwa kitambaa. Na uliza aliyetengeneza ni nani, alijifunza kwa nani, matairi yalikatwa kwa kifaa gani.

Majibu hayo yaandike siku hiyo hiyo kwenye daftari: kitu, mahali, aliyekupa kama ameridhia atajwe, bei, na maneno yake kama alivyoyasema. Kila kitu kipe namba, namba iandikwe kwa penseli kwenye kipande cha karatasi kinachokaa nacho, kamwe si juu ya kitu chenyewe.

Kaseti zihamishie kwenye kompyuta mapema. Waya wa kawaida kutoka tundu la spika za masikioni hadi tundu la kuingizia sauti, programu ya bure ya Audacity, na uhifadhi faili kama WAV kwanza, yaani sauti nzima isiyobanwa. MP3, iliyobanwa, ni ya kuwatumia watu kwa simu. Rekodi upande mzima bila kukata, pamoja na sauti za watu wanaoongea katikati, mlango unaobishwa, mtoto anayelia. Kisha nakala moja impelekee yule aliyekupa kaseti, maana huenda hana tena redio ya kuichezea.