Kwenda Maulidi Lamu: tarehe, njia, mavazi na adabu za kukaa

Anza na tarehe, maana hapo ndipo wageni wengi hupotea. Sehemu nyingi husoma maulidi usiku wa kuamkia tarehe 12 Mfunguo Sita (Rabiul Awwal). Lamu mwezi wote ni wa maulidi, na misikiti mingine ina siku zake, lakini kilele ni Msikiti wa Riyadha, na kwa desturi kisomo kikubwa cha Riyadha huwa Alhamisi ya mwisho ya mwezi, usiku wa kuamkia Ijumaa. Mgeni aliyefunga safari kwa kutazama sikukuu ya tarehe 12 kwenye kalenda ya ukutani ataukuta mji umetulia, na ataondoka kabla ya shughuli yenyewe.

Kwa kalenda ya kizungu mwezi huu hurudi nyuma siku 10 hadi 12 kila mwaka. Kwa mwaka 2026, mwezi huu unaanza katikati ya Agosti na kumalizika katikati ya Septemba. Usikate tiketi isiyobadilika kwa hesabu yako mwenyewe. Alhamisi ya mwisho inaweza kuangukia popote kati ya tarehe 23 na 30 za mwezi mwandamo, na tofauti ya siku moja katika kuonekana kwa mwezi huweza kuisogeza shughuli wiki nzima. Uliza Lamu kwenyewe, kwa mwenye nyumba utakakolala au kwa mtu wa Riyadha, mwezi ukishaandama. Kisha panga kufika Jumatatu au Jumanne na kuondoka Jumamosi. Mashindano na ngoma hutangulia kisomo, kwa hiyo anayeingia Alhamisi mchana huwa amekosa nusu ya mambo.

Kwa kuwa kilele kiko mwisho wa mwezi, kuna mambo mawili ambayo wengi hawayafikirii. La kwanza, usiku ni giza. Mwezi huchomoza usiku wa manane au baadaye, au hauonekani kabisa, na vichochoro vya Lamu ni vyembamba, vina mitaro ya maji kando na kinyesi cha punda katikati. Chukua tochi ndogo. Ile ya simu itamaliza betri kabla kisomo hakijamalizika. La pili ni maji ya bahari. Alhamisi ikiangukia tarehe 28 na kuendelea, bamvua inaingia: maji hujaa sana na kupwa sana. Wakati wa bamvua pwani hii hujaa takriban saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa takriban saa nne. Maji yakipwa, ngazi za gati huachwa wazi na ule ukijani unaoteleza. Shuka umevaa viatu vyenye meno, mikono mitupu, na mzigo umpe mtu wa boti. Alhamisi ikiangukia tarehe 23 au 24 maji ni mafu na hakuna taabu hiyo.

Kwa barabara, mabasi hutoka Mombasa asubuhi na mapema, yakapitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kwenye bara. Tenga siku nzima. Baada ya Garsen vituo vya ukaguzi ni vingi, na abiria huweza kuteremshwa waonyeshe vitambulisho. Kiweke mfukoni, si ndani ya begi lililo chini ya basi. Mokowe unapanda boti kuvuka. Boti la abiria ni la pole na la bei nafuu, spidi ni ya haraka na ghali zaidi. Mafuriko ya wageni yakianza, maboti hujaza kupita kiasi. Likiwa limezama mpaka maji yanagusa karibu na ukingo, ngojea lijalo, na daima dai jaketi la kuokolea. Kwa ndege unashukia Manda, ambapo ukumbi wa abiria uko hatua chache kutoka gatini, na mji unauona ng'ambo ya mkondo. Kote kuwili, patana bei kabla hujakanyaga boti, na uwe na noti ndogo.

Malazi yatafute mapema kuliko kitu kingine chochote. Mji una sehemu mbili kubwa: Mkomani kaskazini, kwenye nyumba za kale za matumbawe, na Langoni kusini, ambako ndiko Riyadha iliko. Ukitaka kuwa karibu na kisomo na kurudi kwa miguu usiku wa manane, tafuta Langoni, ujue tu kwamba usingizi utakuwa haba kwa sauti za matwari (ngoma za kupigwa kwa mkono) na vipaza sauti. Mkomani pana utulivu zaidi, na kutembea ni dakika chache tu. Shela, kilomita tatu hivi, ni pazuri, lakini usiku utategemea boti au kutembea ufukweni gizani, na maji yakijaa njia ya ufukweni hufunikwa. Kwa maulidi hatuipendekezi. Popote utakapokuwa, tumia maji kwa kiasi: mji hunywa maji ya visima vya chini ya matuta ya mchanga ya Shela, na watu wakiongezeka maji hayaongezeki.

Mavazi hayana mjadala. Mwanamume avae kanzu na kofia. Asiye na kanzu avae shati la mikono na kikoi au suruali ndefu. Kofia za vito, aina ya kofia za kudarizi, hushonwa papo hapo Lamu kwa mkono, na kushona moja ni kazi ya wiki nyingi, kwa hiyo usishangae bei yake wala usiiburute chini. Mwanamke avae buibui, au gauni refu na mtandio, na leso mbili za akiba. Kaptura na mabega wazi humfanya mgeni atazamwe yeye badala ya shughuli.

Mbio za punda hukimbiwa kwenye barabara ya ufukweni, mbele ya mji. Wapandaji hawatumii matandiko, na njia hupungua upana kadiri watu wanavyosogea mbele kupiga picha. Punda akishachapuka hasimami kwa ajili yako. Panda kwenye baraza au ngazi za nyumba, upande wa majumba. Usisimame ukingoni mwa ukuta wa bahari, kwani umati ukirudi nyuma kwa ghafla huna pa kwenda ila majini. Fika saa moja kabla. Mashindano ya mashua huonekana vizuri kutoka ufukwe huohuo, kwenye mkondo kati ya Lamu na Manda. Muda wake huamuliwa na upepo na maji, si saa, kwa hiyo ulizia kwa manahodha asubuhi ileile.

Ngoma huchezwa uwanjani. Mkunguni, mbele ya ngome iliyokamilika mwaka 1821, na viwanja vya karibu na Riyadha ndiko pa kutazamia. Goma huchezwa kwa utulivu, wanaume wakiwa safu moja na bakora mikononi. Huko utaweza kusogea. Kirumbizi ni kingine: wawili huingia katikati na fimbo na kupigana kwa mchezo, nzumari ikiwachochea. Duara la watazamaji lina maana yake. Mtoto akiwa mbele yako mshike mkono, na usiingie ndani kutafuta picha.

Sasa kisomo, ambacho ndicho sababu ya yote. Riyadha ilijengwa karibu na mwaka 1900 na Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Hadhramaut, Yemen, aliyezaliwa Ngazija na kufa Lamu mwaka 1935. Alifungua darasa lake kwa watu wa Langoni waliokuwa hawapewi nafasi ya elimu, watumwa na waliotoka utumwani miongoni mwao, na akaleta usomaji wa maulidi ya Kihabshi, yaliyotungwa na Ali al-Habshi wa Hadhramaut, kwa matwari, jambo ambalo baadhi ya wakubwa wa mji walilipinga. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini msikiti huu huvuta watu kutoka Tanzania, Ngazija na Uganda, na kwa nini hakuna anayeulizwa ukoo wake mlangoni.

Kaa mapema, baada ya Isha nafasi huisha. Wanaume na wanawake wana sehemu zao, mfuate anayekuongoza. Asiye Mwislamu hakai ndani ya msikiti, lakini nje husikia na kuona kwa wingi, na hukaribishwa. Zima mlio wa simu, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha, hasa upande wa wanawake, ambako jibu mara nyingi ni hapana. Kisomo kikifika kwenye kuzaliwa kwa Mtume, watu wote husimama. Simama nao, hata kama huelewi maneno. Marashi yakinyunyizwa, pokea kwa viganja. Chetezo cha udi kikikufikia, jifukize kidogo na umpitishie jirani.

Chakula kikiletwa ni cha wageni wote: nawa, kaa kwenye sinia na wenzako, kula kwa mkono wa kulia upande wako tu. Hulipi. Ukitaka kuchangia, mpe sadaka mmoja wa wasimamizi kwa siri, mapema, wakati bado wananunua.

Kisha kuna ziara kwenye kaburi la Habib Swaleh na zefe inayopita mjini kwa kasida na matwari. Saa yake itangojea tangazo la msikitini. Itazame ukiwa pembeni ya njia, au ujiunge nyuma. Kukatiza katikati ya safu ni utovu wa adabu. Beba maji ya kunywa, maana jua la Lamu halina huruma.

Tiketi ya basi ya Jumamosi inunue siku ile unayowasili. Ijumaa jioni mabasi huwa yameshajaa, na wanaongoja gatini alfajiri bila tiketi hulala usiku mwingine.