Kufunga kebo ya wavu kati ya draivu na mota ya pampu

Draivu, kile kifaa kinachobadilisha kasi ya mota, haitoi umeme laini kama unaoingia kwenye mita. Inakata volti maelfu ya mara kwa sekunde, na vurugu hiyo ya umeme, tunayoiita kelele, hutafuta njia ya kurudi ilikotoka. Usipoipa njia itapita kwenye waya wa sensa ya presha au kwenye beringi za mota. Wavu wa shaba, ule unaozunguka waya ndani ya kebo, ndiyo njia yake.

1. Pima urefu kabla ya kwenda dukani. Kwenye mahoteli ya Paje na Jambiani pampu ya kusukuma maji mara nyingi iko mbali na paneli. Kwa umeme wetu wa volti 400, ndani ya draivu mna kama volti 565 za DC, umeme usiogeuza mwelekeo. Kebo ikiwa ndefu, kilele cha volti kwenye mota chaweza kupita 1,100. Soma kikomo cha urefu kwenye kitabu cha draivu. Ukikipita, weka filta upande wa kutokea.

2. Chagua kebo. Omba ya 0.6/1 kV (kiwango cha volti inachohimili) yenye insulesheni ya XLPE, aina ya plastiki, si PVC, na waya wa ethi uliogawanywa mitatu kuzunguka fezi. Huku pwani lipia wavu uliopakwa bati, maana shaba tupu huliwa na hewa ya chumvi. Ile kebo ya kuzika yenye waya za chuma huzuia jembe, lakini kwa kelele haiufikii wavu wa shaba.

3. Pitisha. Iache sentimita 30 au zaidi na waya za sensa. Pahala pa kukutana, zikatane kama msalaba.

4. Funga ncha. Hapa ndipo pesa yote ya kebo hupotea. Zima, funga swichi kwa kufuli, subiri dakika zilizoandikwa kwenye draivu, kisha pima DC kwa mita, usiamini taa. Chuna ganda la nje bila kugusa wavu: kisu kizunguke juujuu, kisha kunja kebo ganda lipasuke lenyewe. Mafundi wengi husokota wavu kuwa kamba na kuubana chini ya skrubu moja. Umeme unaonekana umefika, lakini kwa kelele ile kamba ni kizuizi. Wavu ubanwe mzunguko mzima, kwa klampu ya chuma kwenye bati la paneli na kwa glandi ya chuma, kile kibano cha kebo kwenye tundu la kisanduku, kwenye mota. Kwangua rangi chini yake mpaka chuma king'ae, kisha paka grisi ya kuzuia kutu. Ncha zote mbili, si moja.

Kisanduku cha mota kikiwa cha plastiki, glandi ya chuma haina cha kushika. Weka bati na uliunganishe na ethi.

5. Megga, yaani pima insulesheni kwa kipimo cha volti ya juu. Ichomoe kebo kwenye draivu kwanza, la sivyo utaiua draivu. Rudisha, washa kwa hezi chache, tazama mota inazunguka upande gani, kisha panda taratibu ukiangalia namba ya presha. Ikirukaruka, rudi hatua ya 4.