Kabla kiangazi hakijatukuta: mambo ya kuzingatia kwa watunza viwanja vya gofu Dar

Wadau wenzangu, watu wakituona uwanjani asubuhi wanadhani kazi yetu ni kukata nyasi, ila we unayeifanya unajua nyasi ndo mwisho, cha kwanza maji. Hapa Dar tumezoea masika ya Machi mpaka Mei na vuli ya Oktoba mpaka Desemba, lakini Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipungua mji ukaingia kwenye mgao, afu mwishoni mwa 2023 zikaja mvua za El Niño zikatuzamisha. Mgao ukija hakuna wa kukupa maji ya kumwagilia, na sio haki kuyaomba wakati mtaani watu wanapanga foleni ya ndoo.

Kwa hiyo anza na kisima. Karibu na bahari ukivuta maji kwa fujo, ya chumvi yanasogea taratibu huku chini na we huoni kitu. Tafuta kimita cha kupima chumvi, pima kila wiki, andika kwenye daftari. Hili nalisema kwa uchungu, kuna mwaka nilikuta pembeni ya grini (pale kwenye nyasi fupi penye shimo la mpira) nyasi zimekauka rangi ya kahawia kama zimeunguzwa, nikajua fangasi, nikapiga dawa mara mbili hela ikateketea, siku nimechimba na kisu nikaona ukoko mweupe juu ya udongo, nikaugusa na ulimi, chumvi tupu. Na mimi ndo nilikuwa naiongeza, maana nilikuwa namwagilia kidogo kidogo kila siku, jua linakausha maji chumvi inabaki. Dawa yake ni kumwagilia mengi kwa mpigo yaisukume chini kupita mizizi, ila hiyo inafanya kazi kama maji yana pa kutokea, so zibua mabomba ya chini ya kutolea maji mapema kabla hujaanza.

Kama kimita kinapanda kila msimu, fikiria nyasi aina ya paspalum, inavumilia chumvi kuliko nyasi ya Bermuda. Usibadilishe mashimo 18 kwa pupa, jaribu grini ya mazoezi kwanza uone mwaka mzima.

Dawa nazo, angalia stoo yako. Kiuatilifu lazima kiwe kimesajiliwa TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), na ile klorpirifosi wengi tuliyoizoea kwa mchwa, mwaka 2025 nchi za Mkataba wa Stockholm (wa kemikali za sumu zinazodumu) zilikubaliana kuiondoa, yameachwa matumizi machache tu. Kabla ya kupiga chochote mwaga maji ya sabuni kwenye kipande cha mita moja, usubiri dakika chache, viwavi kama wapo wanapanda juu wenyewe unawahesabu. Hela nyingi ya dawa unaweza kuiokoa hapo.

Mafuta, EWURA (mamlaka ya nishati na maji) inatangaza bei kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, bajeti ya mashine iache nafasi.

Na watu jamani. Mzee wetu mmoja alistaafu akaondoka na ramani yote ya mabomba kichwani, wiki hiyohiyo bomba likapasuka, tukachimba siku tatu tunatafuta valvu, ilikuwa chini ya mwarobaini hatua kumi toka tulipoanzia. Chukua simu, zunguka na mzee wako kabla hajaondoka, piga picha kila valvu, chora, bandika ukutani stoo ambapo hata kijana aliyeanza jana ataiona.