Kupima kasi ya volti na muda wa kupanda kwenye opampu 741

Kasi ya volti (slew rate) ni kasi ya juu kabisa ambayo tokeo la opampu, yaani chipu ya kukuza ishara, linaweza kubadilika; muda wa kupanda ni muda ambao tokeo huchukua kutoka 10% hadi 90% ya wimbi dogo. Unganisha pini ya 6 (tokeo) moja kwa moja na pini ya 2 (ingizo geuzi), ili opampu ifuate ingizo bila kukuza. Pini ya 7 ipate +15 V, ya 4 ipate −15 V, na kila moja iwe na kapasita ya seramiki ya nF 100 kwenda ardhi, karibu kabisa na mguu wenyewe. Ukiiweka mbali, ukingo wa wimbi utatetemeka.

Ingiza kwenye pini ya 3 wimbi la mraba la 10 V kilele hadi kilele, 10 kHz. Tumia probu ya oskiloskopu (kifaa cha kuonyesha wimbi kwenye skrini) ya ×10 iliyosawazishwa. Ya ×1 huongeza mzigo wa kapasita kwenye tokeo. Kwenye oskiloskopu utaona mteremko ulionyooka kama rula. Pima kati ya 10% na 90%: 8 V kwa takriban mikrosekunde 16, yaani 0.5 V kwa mikrosekunde. Pima na upande wa kushuka, kwani mara nyingi hutofautiana kidogo. Ukiona pembetatu isiyofika kilele, punguza masafa.

Kwa muda wa kupanda, shusha wimbi hadi mV 50. Sasa ukingo unapinda, na 10% hadi 90% huchukua takriban mikrosekunde 0.3.

Hapa ndipo wengi huchanganya. Ongeza ukubwa wa wimbi mara mbili: muda usipobadilika, unapima muda wa kupanda, ukiongezeka maradufu, umeshaingia kwenye kikomo cha kasi ya volti.